Kwa nini Lester hainuki kwenye kiti

"Mimi ni mwuguzi na mama wa watoto watatu. Mwaka jana mume wangu alipunguzwa kazi kiwandani, alikokuwa fundi umeme. Tulikubaliana mimi niongeze zamu na yeye abaki na watoto, maana dada wa kazi hatumudu kumlipa tena. Kusema kweli nyumba imetulia kuliko zamani. Juzi mdogo wangu alitutumia filamu ya Kimarekani ya 1925, isiyo na sauti, inaitwa The Home Maker, akasema 'hawa ni nyinyi'. Tuliiangalia tukicheka, lakini mwisho wake uliniudhi hadi nikakosa usingizi: mume amepona, anaweza kutembea, ila anaamua kubaki kwenye kiti cha magurudumu ili mkewe aendelee na kazi. Mume wangu alinyamaza, kisha akasema, 'Kumbe hata Wazungu walijua kwamba mwanamume mzima hakai nyumbani.' Wifi yangu naye anasema mbele za watu kwamba kaka yake nimemfanya yaya. Naomba kujua: filamu hii inafundisha kwamba mume akikaa nyumbani lazima awe na kasoro? Au kopi yetu imekatwa mwisho? Maana watu wanatembea mbiombio, na hakuna sauti ila kinanda. Na je, sisi tufanye nini?"

Dada, umeuliza mengi, lakini naona moja ndilo lililokunyima usingizi, na si lile la kopi. Ni kauli ya mumeo. Alimtazama mtu aliyepona akijifanya hajapona, akajiona yeye. Nimefundisha historia ya sinema kwa miaka mingi na filamu hii huionyesha darasani kila ninapopata nafasi. Mwisho wake huligawa darasa kila mara: wapo wanaomwona Lester, yule mume wa filamuni, shujaa wa upendo, wapo wanaomwona mwongo, na huwa kuna angalau mmoja anayetoka nje kabla mjadala haujaisha. Kwa hiyo usidhani umeudhika kwa sababu hukuielewa. Umeielewa vizuri sana. Lililobaki ni kujua hasira hiyo imwendee nani.

Nieleze kisa kwa kifupi kwa wasioijua. Lester Knapp ni karani wa hesabu katika duka kubwa la mji mdogo wa Marekani. Ni mtu wa mashairi na moyo laini, na kazi ya tarakimu inamla taratibu. Mkewe, Eva, ana akili ya biashara na nguvu za watu watatu, ila nguvu zote zinaishia kwenye kusugua sakafu na kuwakaripia watoto. Nyumba inang'aa, na waliomo wanaumwa. Lester anafukuzwa kazi. Anapiga hesabu ya bima yake ya maisha, anaona atawafaa wanawe zaidi akiwa maiti kuliko akiwa hai, na anajaribu kuondoka duniani kwa namna itakayoonekana ajali. Hafi. Anapooza miguu. Eva anakwenda kuomba kazi katika duka lile lile lililomfukuza mumewe, anapanda haraka, na anang'ara. Lester, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, anakuwa mlezi wa nyumba, na watoto wanachanua kama mimea iliyohamishiwa juani. Kisha anagundua kwamba miguu imerudi. Anaogopa. Daktari, ambaye naye ameona jinsi nyumba ile ilivyopona, anakubali kuitangazia familia kwamba baba hatatembea tena.

Kopi yenu haijakatwa. Mwisho ndio huo, na ndio uliomo katika riwaya iliyozaa filamu, ya mwandishi Dorothy Canfield, iliyotoka 1924 na kuingia kwenye orodha ya riwaya kumi zilizouzwa zaidi Marekani mwaka huo. Kampuni ya Universal ikaifanya filamu mwaka uliofuata, mwongozaji akiwa King Baggot, aliyekuwa mwigizaji mwenye jina kubwa miaka ya 1910, na waigizaji wakuu wakiwa Alice Joyce kama Eva na Clive Brook kama Lester. Ukitaka kushangaa kitu, shangaa kwamba mmepata kopi yoyote ya kutazama. Filamu za wakati ule zilipigwa kwenye mkanda wa naitreti, unaoshika moto kwa urahisi na kuoza ukihifadhiwa vibaya. Universal yenyewe iliteketeza mikanda yake mingi ya enzi hiyo mwaka 1948, kwa kuwa haikuona tena faida ya kuitunza. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya takriban filamu ndefu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929, zilizobaki zikiwa kamili katika umbo lake la asili ni asilimia 14 tu. Hii yenu imeponea chupuchupu.

Na ile mbiombio si uigizaji wa zamani. Kamera za wakati huo nyingi zilizungushwa kwa mkono, na mpiga picha angeweza kupiga fremu 16, yaani picha moja moja za mkanda, kwa sekunde leo na 20 au zaidi kesho. Sauti ilipoingia, kasi ikafungwa kwenye fremu 24. Sasa mkanda uliopigwa kwa kasi ndogo ukiuchezesha kwa 24, kila mtu anageuka kuku aliyemwagiwa maji. Watazamaji wa 1925 kwa kawaida hawakuyaona hayo kwa kiasi hiki. Wala hawakukaa kimya kwenye giza: palikuwa na mpiga piano, au okestra nzima kwenye kumbi kubwa za mjini, na kila ukumbi ulikuwa na muziki wake. Kinanda mlichokisikia kimewekwa baadaye kabisa na aliyeitoa upya. Aliyekulia kwenye mabanda ya video anaweza kuelewa jambo hili haraka kuliko maprofesa wengi: picha ni ile ile, lakini DJ Afro akiisimulia inakuwa filamu nyingine. Japani walikuwa na wasimulizi wa namna hiyo, wakisimama kando ya pazia na kusema yote, na watu walinunua tiketi kwa sababu ya msimulizi kuliko ya nyota wa filamu.

Nirudi kwa mumeo. Nampa pole, lakini hapo amekosea, na nitaeleza kwa nini.

Dorothy Canfield, ambaye jina lake la ndoa ni Fisher, hakuwa akiwaonya wanaume wasikae nyumbani. Aliishi Arlington, katika jimbo la Vermont, na kalamu yake ndiyo iliyolisha nyumba kwa sehemu kubwa, huku mumewe, John, akimsaidia katika kazi yake ya uandishi. Miaka mingi kabla ya riwaya hiyo alikwenda Roma, akatembelea shule ya watoto wadogo ya mwalimu wa Kiitaliano Maria Montessori, na mwaka 1912 akaandika kitabu cha kuwaeleza mama wa Kimarekani jinsi ya kumwacha mtoto ajifunze kwa mikono yake. Riwaya yake aliitetea kama kitabu cha haki za watoto. Watu walipoisoma kama tarumbeta ya haki za wanawake peke yake, alihuzunika.

Kuna ukurasa mmoja kitabuni ambao mimi huusoma kwa sauti darasani. Mtoto wa mwisho, Stephen, ambaye kila mtu mtaani anamwita mtukutu, amekishika kile kifaa cha jikoni cha kupigia mayai, chenye mpini wa kuzungusha na mapanga mawili yanayopishana. Hajui kukitumia. Mkono mmoja unatakiwa ushike wima, mwingine uzungushe, na mikono yake inakataa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Kifaa kinateleza. Anaanza upya. Lester amekaa kwenye kiti chake, anatazama, na mwili wake wote unataka kunyoosha mkono useme "lete nikuonyeshe". Hasemi. Anakaa na hamu yake hiyo kama mtu aliyeshika kaa la moto, mpaka mtoto mwenyewe, baada ya kushindwa na kushindwa tena, anaona mapanga yanazunguka. Hapo ndipo msomaji anaelewa kwamba mtu huyu hayupo nyumbani kwa bahati mbaya. Hii ndiyo kazi yake. Duka lilikuwa likimtumia karani mbovu na kuipotezea dunia mlezi hodari.

Na kuna mahali jamaa wa familia, Mattie Farnham, anamkuta Lester akitia viraka soksi, na anashindwa kuficha mshtuko wake: mwanamume na sindano! Lester, mpole siku zote, anawaka. Anamwambia kwa maana hii: kumbe wewe unayetusifia kila siku utukufu wa kutunza nyumba, moyoni unaiona ni kazi duni, isiyomfaa mtu yeyote anayeweza kufanya nyingine. Mattie anabaki hana jibu. Dada, ukisoma sehemu hiyo utamsikia wifi yako. Anaposema umemfanya kaka yake yaya, anadhani anamtetea kaka. Anachokitamka hasa ni kwamba kulea watoto ni aibu, na kwamba wanawake wote wanaolea, yeye akiwemo, wanafanya kazi ya aibu.

Kama ni hivyo, utauliza, kwa nini mwandishi huyo huyo akamfunga Lester kwenye kiti? Si angemsimamisha, aseme mbele ya mji mzima, "Mimi nabaki jikoni, mke wangu yuko dukani, na nani ana neno?"

Naomba uniruhusu nikuonyeshe kitu ambacho wanafunzi wangu karibu wote hukipita bila kukiona. Lester alikuwa karani wa hesabu. Hesabu hufanywa kwa kukaa. Mtu aliyepooza miguu anaweza kujumlisha mapato ya duka sawasawa na mwenye miguu, na pengine vizuri zaidi kwa sababu hana pa kwenda. Hata hivyo katika kisa kizima hakuna mtu, si mkewe, si majirani, anayesema: tumsogeze na kiti chake hadi mezani, akaendelee na kazi. Kiti kinaingia ndani ya nyumba, na saa ile ile mji mzima unakubali kwamba huyu sasa ni wa nyumbani. Wanamletea pole. Wanamsifu mkewe kwa ushujaa. Kwa hiyo miguu haikuwa sababu kamwe. Kiti kilikuwa kibali. Palitakiwa udhuru ambao watu wataupokea bila kuuliza, na ugonjwa ndio udhuru pekee ambao mji ule ulikuwa tayari kuupokea kutoka kwa mwanamume.

Tazama ulimwengu waliomo. Wanawake wa Marekani walikuwa wamepata ulinzi wa kikatiba wa haki ya kupiga kura mwaka 1920, miaka mitano tu kabla ya filamu. Shule nyingi zilikuwa zikiwaondoa walimu wa kike siku wanapoolewa, na hata ofisi mbalimbali zilifanya hivyo. Maduka makubwa yalikuwa miongoni mwa sehemu chache ambako mwanamke angeweza kuanza nyuma ya meza ya mauzo na kupanda hadi kuwa mkuu wa idara au mnunuzi wa bidhaa, ndiyo maana Eva yuko dukani na si benki. Lakini mwanamke aliyeolewa kufanya kazi, mume akiwa mzima, kulikuwa na maana moja tu machoni pa watu: mume ameshindwa. Lester analijua hilo. Kitabuni anaikagua kila njia usiku kucha kama mfungwa anayegonga kuta. Akirudi kazini, yeye atanyauka, Eva atarudi kwenye brashi ya sakafu, na watoto wataanza kuumwa tena. Akibaki nyumbani akiwa na miguu yake, Eva atanyooshewa kidole kwa kuwa na mume mvivu, na watoto watachekwa shuleni. Njia ya tatu ni kiti.

Naye Eva, hapo ndipo panaponiuma mimi. Kitabuni, usiku mmoja anamwona mumewe akiwa usingizini, miguu inajikunja yenyewe. Anajua. Badala ya kuruka kwa furaha, anaogopa, halafu anajichukia kwa kuogopa. Mke na mume wamelala chini ya paa moja, kila mmoja ameficha siri ile ile kwa ajili ya mwenzake. Mji umewafikisha hapo: kupona kumekuwa msiba.

Ndiyo maana nasema mumeo amekosea, ingawa kosa lake naliona limetoka wapi. Filamu inaonyesha kwamba mwanamume mzima anaweza kukaa nyumbani, tena kwa ubora ambao mkewe hakuweza kuufikia. Asichoweza, katika mji ule, mwaka ule, ni kukaa pale na kukiri kwamba amechagua. Hiyo ndiyo lawama ya filamu, na inawaendea waliokuwa wakichungulia dirishani.

Na kukosekana kwa sauti kunaifanya lawama hiyo iwe kali zaidi. Katika filamu zenye sauti, daktari angesema uongo wake kwa mdomo, na tungeisikia sauti yake ikitetemeka au isitetemeke. Hapa maneno ni kibao cha maandishi, herufi nyeupe juu ya weusi, zinakaa sekunde chache kisha zinatoweka. Maandishi yanaweza kudanganya. Kisha picha inarudi na tunabaki na uso, na uso hauna pa kujificha. Sisi watazamaji tunajua ukweli ambao waliomo chumbani wanaambiwa kinyume chake, na hakuna sauti ya kutuelekeza tuchukue upande gani. Tunageuzwa washiriki wa siri. Ule usumbufu uliokufanya ukeshe ni kazi ya filamu yenyewe. Imekukabidhi uongo uubebe mpaka nyumbani kwako.

Usidhani pia kwamba sinema za wakati huo zilikuwa na wimbo mmoja tu. Universal hao hao, mwaka huo huo wa 1925, walitoa Smouldering Fires ya Clarence Brown, ambamo Pauline Frederick ni Jane Vale, mwanamke wa makamo anayekiongoza kiwanda cha nguo alichoachiwa na baba yake. Kauli yake ya kazi ni kwamba ahitajike kwa wengine lakini asimhitaji mwanamume yeyote. Anampenda kijana aliye chini yake kazini, anaolewa naye, kisha anang'amua kwamba kijana na mdogo wake wa kike wanapendana. Anamaliza kwa kudanganya: anajifanya ameichoka ndoa ili awaachie njia. Unaona? Huko nako penzi linalipwa kwa uongo, safari hii mwongo akiwa mwanamke mwenye kazi. Halafu mwaka 1926 Alice Joyce, Eva wenu huyo huyo, aliigiza mama katika Dancing Mothers, mama aliyechoshwa na mume na binti wanaojifurahisha bila kumjali, na mwishoni anawaacha wote wawili na kupanda meli kwenda Ulaya. Hakuna uongo wala kurudi. Watazamaji wa miaka ile walipewa mke anayekaa, anayejitoa na anayeondoka, ndani ya miaka miwili tu. Hakuna aliyewaambia hii ndiyo sheria.

Sasa niseme kasoro za filamu yenyewe, maana naipenda lakini sitaki uiweke ukutani kama aya. Inampunja Eva. Inamfanya awe mama mkali mno ili ubora wa Lester uonekane, kana kwamba mtu mwenye kipaji cha kazi ni lazima awe amekosa kipaji cha kulea. Wewe ni mwuguzi, unajua si kweli. Pili, inakifanya kiti cha magurudumu barakoa, na mtu anayekitumia maisha yake yote ana haki ya kukasirika. Neno "kasoro" ulilolitumia nalo nakuomba uliangalie: mtu mwenye ulemavu hana upungufu wa uanaume wala wa uzazi. Na tatu, Lester anaamua peke yake. Anamchagulia Eva maisha kwa jina la kumpenda, bila kumuuliza. Hapo upole wake unafanana na ubabe wa waume wengine kuliko anavyojua.

Umeuliza mfanye nini. Mimi ni mwalimu wa filamu, si mshauri wa ndoa, kwa hiyo pima maneno yangu kwa kadiri hiyo.

Nyinyi hamna kiti, na hilo ni zuri na ni gumu kwa pamoja. Najua wenzetu wengi hujitengenezea viti vidogo vidogo: mume anasema "niko kwenye mipango", "kuna tenda nasubiri", na miaka inapita. Udhuru wa namna hiyo una faida yake, siudharau. Unazima maneno ya jirani, unampa mtu nafasi ya kupumua baada ya pigo la kupoteza kazi. Lakini una gharama ambayo filamu imeionyesha vizuri: mwenye kuushika hawezi tena kusimama. Mumeo akiendelea kusema anasubiri tenda, hawezi kufurahia hadharani kwamba mtoto amejua kusoma kwa ajili yake. Kusema wazi nako kuna gharama. Atachekwa, na wewe utasemwa kwamba umeshika mpini. Mkichagua uwazi, chagueni wote wawili, msiige kosa la Lester. Mkae siku ambayo huna zamu, watoto wamelala, mjibizane maswali ambayo wale wawili hawakuthubutu: Wewe unapenda kukaa nyumbani, au unavumilia? Mimi napenda zamu hizi, au zinanimaliza? Kazi ya umeme ikipatikana kesho, tunataka nini? Inawezekana akajibu kwamba anataka kurudi kwenye nyaya zake, na hilo pia ni jibu halali. Tofauti na Lester, yeye pengine aliipenda kazi yake. Usimlazimishe afanane na filamu kwa sababu mdogo wako alisema "hawa ni nyinyi".

Kuhusu wifi, ningeshauri jibu litoke kwa kaka yake. Likitoka kwako litakuwa la mke anayejitetea. Yeye akisema "dada, hawa ni wanangu, nani mwingine awalee?", mazungumzo yamebadilika. Asiposikia, kuna wazee. Shangazi mmoja mwenye busara, au yule mshenga wenu wa siku zile, anaweza kulimaliza jambo hili kwenye kikao kimoja cha chai bila mtu kuaibishwa.

Kuna jambo moja ambalo sitaki uliache mikononi mwa wazee wala mwa filamu. Mwanzo wa kisa, kabla ya kiti, kuna mtu aliyepoteza kazi na kuanza kupiga hesabu ya bima yake. Watazamaji hulipita haraka kwa sababu hakufa. Mumeo alinyamaza baada ya filamu, na kunyamaza kwenyewe si ugonjwa. Lakini ukimsikia akisema kwamba yeye ni mzigo, kwamba mngekuwa na nafuu asingekuwepo, au akianza kugawa vitu vyake, kuacha kula, kukosa usingizi wiki baada ya wiki, kunywa kuliko zamani, usisubiri. Mwulize wazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, na mpelekeni siku hiyo hiyo hospitali mkaonane na mhudumu wa afya ya akili. Wewe uko ndani ya hospitali, unajua mlango wa kugonga, na pengine kinachokuzuia ni aibu ya kujulikana na wenzako kazini. Kama ni hivyo, mpeleke hospitali nyingine.

Mkitaka kuiangalia tena, na natumaini mtaiangalia, ingieni kwenye mipangilio ya programu mnayochezeshea video mpunguze kasi kidogo, mpaka mwendo wa watu uonekane wa kawaida. Zimeni kinanda kama kinawasumbua, muweke muziki wenu. Mtakapofika kwenye ile habari ya daktari mwishoni, msisome kibao peke yake. Mtazameni Eva. Kisha mwulize mumeo ameona nini kwenye uso ule, umwache ajibu kwa muda wake.